Uzi: Kuizuia antena ya transmita ya maikrofoni isiguse ngozi ya mvaaji

Fundi wa Jukwaa

Salamu wanajamvi. Nimesoma hapa malalamiko mengi ya watu ambao maikrofoni zao za mwilini hukatakata sauti pindi mwimbaji au mhubiri anapoanza kutoka jasho, na karibu kila jibu ni kwamba betri zibadilishwe, masafa ya redio yahamishwe, au mtambo wa bei kubwa zaidi ununuliwe. Hayo yote yana mahali pake. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kuwavisha waigizaji maikrofoni hapa Nairobi, ambako kumbi nyingi ni ndogo na risiva, yaani kifaa kinachopokea mawimbi, haikai mbali na jukwaa, kitu cha kwanza ninachokichunguza ni antena ya transmita yenyewe, kile kisanduku anachovaa mtu kinachorusha sauti kwa mawimbi ya redio, kama imelala juu ya ngozi au la.

Transmita hizi za kufunga kiunoni hutoa nguvu ndogo mno, kwa kawaida miliwati 10 hadi 50, na nyingi hutumia masafa ya UHF kati ya megahezi 470 na 694, yale yale yanayobeba televisheni ya dijitali. Kwenye megahezi 500 urefu wa wimbi ni sentimita 60, na ule mkia unaoning'inia kwenye transmita hukatwa uwe robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 15. Kipimo hicho kinachukulia kwamba antena imezungukwa na hewa. Ukiilaza juu ya ngozi, mambo mawili hutokea kwa mpigo. Mwili una maji na chumvi kwa wingi, kwa hiyo hunyonya mawimbi na kuyageuza kuwa joto kidogo lisilomfaa mtu yeyote. Pili, ukaribu wa mwili huifanya antena itende kazi kana kwamba ni ndefu kuliko ilivyo, ikaacha kupatana na masafa uliyoyachagua, na sehemu ya nguvu ikarudishwa ndani ya transmita badala ya kwenda hewani. Kupoteza desibeli 10, yaani kubaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu, kwa njia hii ni jambo la kawaida, na hasara ikifika desibeli 20, transmita uliyoinunua kwa miliwati 50 inafanya kazi kama ya nusu miliwati.

Hasara hiyo hupungua haraka antena inapoachana na ngozi hata kidogo tu, na milimita chache za kwanza ndizo zenye faida kubwa kuliko zote zinazofuata. Kwa sababu hiyo mimi huivisha antena mpira mwangavu, ule unaopeleka hewa kwenye tangi la samaki wa mapambo, wenye tundu la milimita 4. Ninaukata uwe mrefu kuliko antena kwa sentimita moja, nachovya ncha moja kwenye maji moto mpaka ilegee, nanyunyiza poda ya watoto kidogo ndani, kisha nausukuma taratibu huku vidole vya mkono wa pili vikiwa vimeshika shina la antena, kwa maana ukiivuta antena kwa ncha yake, kiungo cha shinani ndicho kinachokatika. Ncha ya chini naiziba kwa tone la gundi ya silikoni. Shinani nazungusha utepe mzunguko mmoja tu, ili jasho lisipenye ndani likakaa humo, kwa sababu mpira uliojaa jasho ni mbaya kuliko antena isiyovishwa kitu.

Ningependa kusikia wenzangu mnafanyaje, hasa mnaofanya kazi na wachezaji ngoma.

Mama Kwaya wa Umoja

Asante sana, Bwana Fundi. Kanisani kwetu tulimwita fundi mmoja, akazungushia antena foili ya kuokea, akituambia kwamba foili itazuia jasho na pia itamkinga mwimbaji dhidi ya mionzi. Tangu siku hiyo sauti imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nauliza pia jambo la pili. Waimbaji wangu huvaa majoho mazito yasiyo na mifuko, kwa hiyo mshipi wa transmita hufungwa ndani kabisa, juu ya fulana nyepesi ambayo ibada ikifika katikati huwa imelowa chapachapa. Je, kifuko cha nailoni kilichokuja na mtambo kinatosha?

Fundi wa Jukwaa

Mama, foili hiyo itolewe kabla ya ibada ijayo. Metali iliyozungushiwa antena huyafungia mawimbi ndani, na hata ikiwa upande mmoja tu, huivuruga antena kwa namna ile ile mwili unavyoivuruga, pengine zaidi. Tunachotafuta ni nafasi kati ya antena na mwili, na nafasi hiyo ijazwe kitu kisichopitisha umeme na kisichonyonya maji: plastiki, mpira wa silikoni, sponji yenye vitundu vilivyozibwa, au hewa tupu.

Kifuko cha nailoni kina kasoro mbili. Kinanyonya jasho, na kitambaa kilicholowa jasho hakina tofauti kubwa na ngozi yenyewe machoni pa antena. Halafu vifuko vingi huifunika transmita na kuiacha antena ikitokeza nje, ndiyo hasa inayohitaji ulinzi, ikibanwa kati ya mshipi na kiuno. Kifuko cha neoprini, kitambaa kile cha nguo za wapiga mbizi, chenye unene wa milimita 3, ni bora zaidi, mradi kiwe na ala ya pembeni ya kuingizia antena ikiwa imenyooka.

Na tafadhali msiikunje antena ili itoshe. Nimeona transmita ambazo antena imezungushwa mara mbili na kufungwa kwa raba pamoja na waya wa maikrofoni. Huo waya wa maikrofoni si mpita njia tu, kwa kuwa ganda lake la metali hufanya kazi kama nusu ya pili ya antena. Ukiufunga pamoja na antena, nusu hizo mbili zinapingana. Waya uende upande mmoja na antena upande mwingine, kadiri maleba yanavyoruhusu.

MC wa Kasarani

Mimi ni mshereheshaji wa harusi, si fundi, lakini transmita yangu ina swichi ya nguvu yenye hatua tatu. Nikiona sauti inakwaruza, ninaipandisha hadi ya juu kabisa, na mambo yanaendelea. Kwa nini nihangaike na mipira ya tangi la samaki?

Mzee wa Mikseri

Mwanangu MC, ukiwa peke yako ukumbini na una betri za kutosha, hakuna atakayekulaumu. Shida huanza mnapokuwa wengi. Transmita mbili zenye nguvu kubwa zikikaribiana, tuseme bwana na bibi harusi wakikumbatiana, kila moja huingiza mawimbi yake ndani ya nyingine, na humo huzaliwa masafa ya tatu ambayo hakuna aliyeyapanga. Ukiwa na megahezi 518.2 na 518.6, tarajia uchafu kwenye 517.8 na kwenye 519.0. Kama maikrofoni ya kasisi iko hapo, kasisi ndiye atakayekwaruza. Kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo uchafu huo unavyokua, tena kwa kasi kuliko nguvu uliyoongeza. Betri nayo inakwisha kabla ya keki kukatwa.

Hata hivyo, nimwambie Fundi kwa heshima kwamba mpira huu unapewa sifa zaidi ya stahili yake. Katika kumbi nyingi za mjini ninazoitwa kurekebisha mambo, risiva imefungiwa ndani ya kabati la chuma, nyuma ya jukwaa, na viantena vyake vifupi viwili vimesimama nyuma ya kabati hilo hilo. Mnataka kuokoa desibeli chache kiunoni huku mkitupa nyingi kabatini. Toeni antena za risiva mziweke mbele, juu kuliko vichwa vya watu, zikiona jukwaa waziwazi, na zitenganishwe ili moja ikizibwa nyingine ipokee. Nusu ya nyuzi za namna hii zisingeandikwa.

Mwanafunzi wa Uhandisi

Shikamoo Mzee. Naomba niongeze hesabu kidogo, kwa sababu nadhani ninyi wawili mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Kuna kipimo kinachoonyesha jinsi kitu kinavyouvuta uga wa umeme. Hewa ni 1, plastiki na mipira mingi ni kati ya 2 na 3, mafuta ya mwilini ni 5 hivi, lakini ngozi na misuli, kwa masafa haya, ni kati ya 40 na 60. Tofauti hiyo kubwa, pamoja na chumvi inayopitisha umeme, ndiyo inayoifanya antena iliyogusa mwili ichanganyikiwe. Plastiki haiwezi kuichanganya hivyo. Mpira mwembamba juu ya antena husogeza masafa yake kidogo tu, kiasi ambacho masikio hayatakitambua.

Nina shaka kuhusu unene. Mpira wa tangi la samaki wenye tundu la milimita 4 huwa na milimita 6 kwa nje, maana yake ukuta wake ni milimita 1. Hiyo inazuia mguso na jasho, na ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini antena bado iko karibu sana na mwili. Ningetafuta mpira wa silikoni wenye ukuta wa milimita 2 au 3, au ningeuingiza ule wa samaki ndani ya mwingine mpana zaidi. Ugumu wa mpira pia una faida yake, kwa kuwa antena iliyovishwa mpira mnene hainami kirahisi kufuata umbo la mwili mtu anapoketi.

Kwa upande wa Mzee, ni kweli kabisa kwamba kusogeza risiva ni rahisi na ni bure. Ukipunguza umbali kwa nusu, mahali pasipo na vizuizi, unapata desibeli 6. Hata hivyo, hasara ya kiunoni haitulii. Antena inagusa, inaachia, inagusa tena, mtu anageuka na mwili wake wote unakaa kati ya antena na risiva, na hapo desibeli nyingine 10 au 20 zinapotea. Risiva iliyowekwa vizuri hukupa akiba ya kuvumilia hayo. Antena isiyogusa ngozi nayo hupunguza ukubwa wa hasara hizo zenyewe. Kwa mtambo wa dijitali jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu wa analogi hukuonya kwa kukwaruza, ilhali wa dijitali husikika safi hadi mwisho na kisha unanyamaza ghafla.

Fundi wa Jukwaa

Marahaba ya Mzee imfikie Mwanafunzi, nami nakubaliana naye kuhusu unene. Kwa waigizaji wanaosimama na kuongea, ule wa samaki unanitosha. Kwa wachezaji natumia mpira mnene.

Mzee, kabla hatujabishana zaidi, kuna jaribio dogo la kujua kosa liko wapi. Mvishe mtu transmita kama atakavyoivaa jukwaani, asimame pale ambapo sauti hukatika, akiipa risiva mgongo au uso kulingana na upande ilipofungwa transmita, na mtu wa pili aangalie taa za mawimbi kwenye risiva, si taa za sauti. Kisha muingize kipande cha sponji kikavu kati ya antena na ngozi bila kubadilisha kitu kingine chochote. Taa zikipanda, tatizo ni ngozi. Zisipopanda, mfuateni Mzee mkaangalie kabati la chuma. Jaribio lifanyike baada ya mtu kucheza kidogo na kutoka jasho, kwa sababu mtu mkavu aliyetulia huwadanganya mafundi wengi wakati wa mazoezi ya mchana.

Mshona Maleba

Nimesoma kwa furaha, kwa kuwa kwa kawaida mafundi wa sauti hutuletea transmita dakika za mwisho na kutuambia tuzifiche. Nimeshonea maonyesho kwenye ukumbi wa Kenya National Theatre pale barabara ya Harry Thuku na kumbi nyingine ndogo za mjini, na ningependa kueleza tunavyofanya upande wetu.

Mimi hushona mshipi wa kitambaa kinachovutika wenye mfuko wa tabaka mbili, na kando ya mfuko nashona ala nyembamba ya kuweka antena. Nyuma ya ala, upande wa ngozi, naweka ukanda uliokatwa kutoka kwenye mkeka wa mazoezi, ile sponji ngumu isiyonyonya maji, yenye unene wa milimita 6 hivi. Sponji ya godoro haifai, kwa sababu inakunywa jasho kisha inalibana hapo hapo kwenye antena. Ukanda naukata uwe mpana kuliko ala kwa kidole kimoja kila upande, la sivyo mshipi ukipinda kidogo tu antena inateleza pembeni na kurudi kwenye ngozi. Mshipi unafuliwa kila baada ya onyesho, kwa hiyo ukanda huo unaingia kupitia uwazi mdogo na kutolewa.

Mafundi wengi hawatuulizi juu ya vitu vya metali vilivyomo katika maleba, nasi tusiposema hawajui. Zile kola bapa za shanga za Kimaasai zimeshikiliwa na waya ndani yake. Shanga ni kioo na hazina neno, lakini waya ule ukilala juu ya antena ya transmita iliyofichwa karibu na bega, mawimbi yanapata taabu. Vivyo hivyo vitambaa vyenye nyuzi za metali zinazometameta, mifupa ya chuma ndani ya korseti, na waya za sidiria. Vidude vya plastiki vya kung'aa vinavyoshonewa nguoni havidhuru. Leso na khanga za pamba ni salama kabisa zikiwa kavu, na ndiyo sababu napendelea transmita ikae nje ya leso ya kwanza na ndani ya ya pili.

Tukipewa transmita ndogo, tunaiweka ndani ya wigi, juu ya kofia ya wigi. Hapo nywele bandia zenyewe zinaitenga antena na kichwa, na iko juu kuliko miili ya wachezaji wengine. Paja nalo halina jasho jingi kama mgongo wa chini, ila mwigizaji akikaa anailalia.

MC wa Kasarani

Nimewaelewa. Swali moja la aibu kidogo: nimesikia kwamba wengine huitia transmita nzima ndani ya kondomu. Ni mzaha au ni kweli?

Fundi wa Jukwaa

Ni kweli, na ni desturi ya zamani katika majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Iwe ile isiyopakwa mafuta, maana yale mafuta hupenya kwenye plagi na kuvutia uchafu. Inazuia jasho lisiingie kwenye soketi ya maikrofoni na mlango wa betri, sehemu ambazo chumvi huzila polepole mpaka unaona ukungu wa kijani kwenye vijiti vya plagi. Kwa antena yenyewe, hata hivyo, haisaidii kitu, kwani ni nyembamba mno kuitenga na ngozi. Antena iliyo ndani ya kondomu bado inahitaji mpira wake au ala yake.

Tahadhari moja: transmita hupata joto ikifanya kazi, na iliyozibwa kabisa hutengeneza unyevu wake yenyewe ndani ya mfuko huo. Onyesho likiisha, ivuliwe mara moja, betri zitolewe, ipanguswe kwa kitambaa kikavu, na iachwe wazi usiku kucha. Mimi pia hupendelea kuifunga ikiwa imeinamisha soketi chini, na waya wa maikrofoni ukishuka kidogo kabla ya kupanda kifuani, ili jasho linaloteremka na waya lidondoke kwenye mpindo badala ya kuingia ndani.

Mama Kwaya wa Umoja

Foili nimeitoa, na Mshona Maleba amenipa wazo la majoho. Limebaki lile la mionzi, kwa sababu wazazi wa vijana wangu wameniuliza, nami sitaki kuwajibu kwa kubahatisha. Hicho kifaa kinachokaa mwilini muda wote wa ibada kina madhara?

Mwanafunzi wa Uhandisi

Shikamoo Mama. Waambie walinganishe na simu. Simu ya kizazi cha pili, kwenye masafa ya megahezi 900, inaweza kutoa kilele cha wati 2 na wastani wa miliwati 250, tena ikiwa imebanwa sikioni. Transmita nyingi za maikrofoni ni miliwati 10 hadi 50. Vifaa hivyo vyote vinatakiwa kuwa chini ya mipaka ya kimataifa, ambayo kwa raia wa kawaida ni wati 2 kwa kila kilo ya tishu za kichwani na kiwiliwilini, wastani ukichukuliwa kwenye gramu 10 za tishu. Transmita zenye swichi ziwekwe kwenye hatua ya chini inayotosha, na antena ikiachanishwa na ngozi, nguvu inayoishia mwilini hupungua pia. Wanachoweza kukiona kwa macho ni upele wa joto mahali transmita inapogusa ngozi, na mshipi wenye kitambaa kikavu unaondoa hilo.

Mpiga Video Mtaani

Mimi natumia vile vijimaikrofoni vya kubana kwenye kola, ambavyo transmita na maikrofoni ni kitu kimoja, na antena haionekani. Yaliyosemwa hapa yananihusu?

Mzee wa Mikseri

Yanakuhusu, kijana, tena sana. Vingi vya hivyo viko kwenye gigahezi 2.4, ambako wimbi zima ni sentimita 12.5 na robo yake ni sentimita 3 hivi, kwa hiyo antena yote imelala ndani ya kisanduku. Huwezi kuivisha mpira. Unachoweza ni kukibana mahali ambapo kitambaa kinasimama mbali na kifua, kwenye ukingo wa koti au kola ngumu, na si kwenye fulana iliyogandamana na mwili kwa jasho. Wengine hukificha chini ya shati ili kisionekane kwenye picha, wakashangaa mtu akigeuka tu sauti inapotea, kwa kuwa masafa hayo yanazibwa na mwili kwa urahisi zaidi, na ukumbi wenyewe umejaa Wi-Fi na simu za wageni. Ukilazimika kukificha, weka nyuma yake kipande cha ile sponji ya mkeka aliyoitaja Mshona Maleba, kikubwa kuliko kisanduku, ukishikize kwa utepe wa nguo wenye gundi pande mbili. Risiva nayo iwe juu ya kamera ikimtazama mhusika, si mfukoni mwako, maana hapo utakuwa umeongeza mwili wa pili katikati.

Fundi wa Jukwaa

Naongeza tu kwa Mama Kwaya, aliyeniuliza pembeni kuhusu vipimo: pima unene wa antena zako kabla ya kwenda dukani, kwa maana za waya mwembamba na za mpira mnene haziingii kwenye tundu moja. Mpira wa dripu wa duka la dawa tundu lake ni jembamba kwa antena nyingi. Ukienda kwa wauzaji wa samaki wa mapambo au maduka ya vifaa vya maabara, beba transmita yenyewe, ujaribishe pale pale, na ununue mita nzima, kwa sababu mipira hii hugeuka rangi na kukakamaa, na itabidi uibadilishe.